Nafuu ya Mwezi Mmoja

Binti wa marehemu dada yangu, ambaye majaaliwa yamempeleka kuishi na kuzalia Uingereza, aliniuliza kwa simu swali ambalo mimi mwenyewe nimekaa nalo tangu ujanani: kwa nini duka kubwa la mtaani kwake, ambalo humwandikia alama za zawadi kwa kila mkate na kila sabuni anunuayo, humnyima alama hizo anunuapo maziwa ya unga ya mtoto mchanga, na kwa nini maziwa hayo hayana msimu wa kupunguzwa bei ilhali hata mvinyo unao. Alijiona amedhulumiwa. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi nimeuza maziwa hayo mahali ambapo bei yake ilipunguzwa," nikamsikia akivuta kiti, maana anajua kwamba mjomba wake hana jibu fupi.

Shauri hili si la mpwa wangu peke yake. Februari 2025 mamlaka ya ushindani na masoko ya Uingereza, CMA, ilitoa ripoti juu ya biashara ya maziwa ya watoto, ikaeleza kwamba sheria huyalazimisha makopo yote, ya ghali na ya rahisi, yawe na lishe imtoshayo mtoto, na hata hivyo wazazi wengi hununua la ghali kwa kudhani kwamba bei ni dalili ya ubora; ikashauri wazazi waruhusiwe kulipia maziwa hayo kwa hati za manunuzi na kwa alama walizokwisha kujikusanyia, pasipo kushauri kwamba katazo la kuyatangaza liondolewe. Kwa Mwingereza hiyo ni habari ya ughali wa maisha. Kwangu mimi niliyekulia Lubudi, ilifukua mambo ya zamani, nami nimeona heri kuyaandika kabla umri haujanivurugia mpangilio wake.

Lubudi ni mji mdogo wa saruji na reli. Treni itokayo Lubumbashi hupita Likasi na Tenke kabla ya kuufikia, kisha huendelea Luena, Bukama na Kamina kuelekea Kasai. Na kiwanda cha saruji ndicho kilichouzaa mji, kikaulea, kikaupaka na vumbi lake, hata sisi watoto tuliamini kwamba majani ya miembe yameumbwa na rangi ya kijivu. Siku hizo tulihesabiwa Katanga. Tangu 2015 tumo katika mkoa wa Lualaba, ambao makao yake ni Kolwezi. Mama yangu, aliyezaa baadhi ya watoto wake chini ya utawala wa Wabelgiji na wengine baada yake, alikuwa akisimulia jinsi wanawake wa kambi ya wafanyakazi walivyoitwa kupeleka vichanga vyao kwenye mizani, na jinsi aliyehudhuria bila kukosa alivyorudi na kipande cha sabuni au kijishati, akakipitisha barabara nzima ili jirani aliyekosa akione.

Nilipopata kusoma nilifahamu kwamba mizani zile zilikuwa na historia yake. Wakubwa wa kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, walipoamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao badala ya kuwaleta na kuwarudisha kwa mikataba mifupi, walianza kuuangalia uzazi kwa jicho la mtu anayetafuta wafanyakazi wa kesho. Na Wabelgiji wengi katika koloni waliuona unyonyeshaji wa miaka miwili au mitatu, ambao kwa desturi zetu ulifuatana na mume kujitenga na mkewe, kuwa ni kizuizi cha uzazi na kwa hiyo ni hasara. Sisemi kwamba mizani haikuokoa mtoto. Iliwaokoa wengi, na labda mimi ni mmoja wao. Nasema tu kwamba maziwa yasiyo ya mama yaliingia katika makambi yetu yakiwa yameshikwa na mkono uleule uliogawa dawa, sabuni na posho, na kitu kiletwacho na mkono wa tabibu aghalabu hakiulizwi bei wala sababu. Aliyekuja kufanya biashara baadaye aliikuta njia imekwisha kulimwa.

Katikati ya miaka ya 1970, bei ya shaba ilipokuwa imeporomoka na nchi ikiitwa Zaire, nilipata kazi ya ukarani katika kantini moja ya hapo Lubudi. Kazi yangu ilikuwa daftari la mkopo: mke wa mfanyakazi huchukua unga, mafuta, kitenge au chumvi, mimi huandika, na mwisho wa mwezi deni hukatwa katika mshahara wa mumewe. Siku moja treni ilituletea bwana mmoja mtanashati, amevaa koti jeupe ambalo halikuwa la udaktari, ingawa hakuna mtu aliyeambiwa hivyo. Aliyapanga makopo ya maziwa mbele ya meza yangu kutoka sakafuni hadi kifuani pa mtu, kila kopo na picha ya mtoto mnene mwenye mashavu. Akatundika karatasi ya Kifaransa iliyotangaza nafuu kwa muda wa mwezi mmoja. Akaweka na sanduku la chupa za kunyonyea, zile tuitazo biberoni, moja bure kwa kila makopo mawili. Alikuwa na adabu nyingi, nami namkumbuka bila chuki. Alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi yake aliijua.

Miongoni mwa waliosimama mbele ya makopo yale alikuwapo mke wa kijana mmoja wa tanurini, mzazi wa mara ya kwanza, mtoto wake hajatimiza hata arobaini, naye mwenyewe amejaa maziwa kiasi cha kulowesha kitenge chake kifuani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa karani, haya ndiyo maziwa wanayotumia wake za wakubwa?" Kabla sijafungua kinywa yule bwana alijibu, "Ndiyo, mama, na mwezi huu ni rahisi." Akachukua mawili, na biberoni yake.

Karani wa mkopo huona mambo ambayo tabibu hayaoni. Katika ukurasa wa mama yule, mwezi wa kwanza, kopo liliandikwa kila baada ya siku tano au sita, kama maelekezo yalivyotaka. Mwezi wa pili nafuu ikakoma, bei ikarudi mahali pake, kisha ikapita mahali pake, kwa kuwa sarafu ya zaire yenyewe ilikuwa ikipoteza thamani. Na kopo lilelile likaanza kukaa siku kumi, kisha majuma mawili, na pembeni yake vikaanza kuandikwa vitu ambavyo zamani havikuwamo, sukari na unga wa mahindi. Mtoto alizidi kukua na maziwa yalizidi kupungua, hesabu isiyohitaji msomi. Siku alipokuja peke yake nilimwuliza habari ya mtoto, akasema yuko zahanati, anaharisha. Alikuwa amebeba biberoni kikapuni kwenda kuiosha, akaitoa ili apate nafasi ya kutia alichonunua, nami nikaitazama. Chuchu yake ilikuwa imetobolewa kwa sindano ya moto ili uji upite, na ndani ya shingo yake palikuwa na pete ya manjano ya maziwa makavu, mahali ambapo kidole hakifiki na brashi haikuwapo. Maji yake yalitoka katika bomba la mtaa mzima.

Mtoto yule alipona. Maziwa ya mamaye hayakurudi, kwani ziwa hutoa kwa kadiri linavyonyonywa, na likiachwa hufunga, na hakuwapo mtu wa kumwelekeza namna ya kulirudisha. Hapo ndipo nilipoanza kufahamu kwamba nafuu ya bidhaa hii hailingani na nafuu ya bidhaa nyingine yoyote niliyoiandika katika daftari lile. Kitenge kikipunguzwa bei mwezi huu na kupandishwa mwezi ujao, mwenye fedha atanunua na asiye nazo atavaa cha zamani. Lakini aliyevutwa na nafuu ya maziwa huingia katika ahadi isiyoandikwa ya kununua makopo yapatayo 40 ya nusu kilo kabla mtoto hajatimiza miezi sita, na mlango aliopitia kuingia hufungwa nyuma yake na mwili wake mwenyewe. Mwuzaji hujua hesabu hiyo tangu mwanzo. Ndiyo maana huweza kustahimili hasara ya mwezi mmoja.

Sikujua wakati ule kwamba ulimwengu ulikwisha kuanza kulalamika. Daktari Cicely Williams, mwanamke mzaliwa wa Jamaika aliyepata kufanya kazi Gold Coast, alikuwa amesimama Singapore mwaka 1939 na kunena kwa ukali juu ya vifo vya watoto waliolishwa maziwa ya kopo. Mwaka 1974 Mike Muller alikuwa amechapisha London kijitabu juu ya biashara hiyo katika nchi maskini. Na mwaka 1977 Wamarekani walianza kususia bidhaa za Nestlé. Fujo hiyo yote iliishia Geneva, tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipopitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, nchi 118 zikiafiki, tatu zikijizuia, na Marekani peke yake ikipinga.

Katika Kanuni hiyo kipo kifungu kinachohusu maduka, nacho nilikisoma miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kuacha ukarani. Kinakataza kumpa mnunuzi sampuli, kupanga bidhaa kwa maonyesho ya pekee, kutoa kuponi za punguzo, zawadi, mauzo maalumu, bei ya hasara ya kumnasia mteja, na kufunga bidhaa mbili pamoja ili moja iivute nyingine. Nilimwona yule bwana wa koti jeupe akitembea ndani ya orodha ile kutoka neno hadi neno, mpaka sanduku lake la biberoni lilikuwamo. Lakini kifungu hakikuishia hapo. Kimeongeza kwamba hakizuii mipango ya bei yenye kusudi la kuwapatia watu bidhaa hizi kwa bei ya chini kwa muda mrefu. Maneno hayo machache husahauliwa na pande zote mbili za ugomvi: wapinzani wa kopo hunena kana kwamba bei ya chini ni dhambi, na wafanyabiashara hunena kana kwamba sheria inawalazimisha kuuza ghali. Sheria haikusema hili wala lile. Bei ikishuka ikakaa chini, hiyo ni rehema kwa mtoto ambaye tayari anaitegemea. Ikishuka ili ipande, hiyo ni ndoana.

Nisingependa msomaji adhani kwamba mimi ni adui wa maziwa ya kopo, maana niliona siku ambazo yalikuwa ni uhai. Mwaka 1992 na 1993, siasa za Katanga zilipogeuka kuwa uadui wa jirani kwa jirani, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Likasi na Kolwezi ambao hawakupata hata mara moja kuiona Kasai, walifukuzwa majumbani mwao, wakalala vituoni wakingoja treni, kisha wakasafirishwa kwenda kaskazini kwa njia ile inayopita kwetu. Ni aibu yetu, na sitaipamba. Treni ziliposimama Lubudi, zilisimama kwa saa nyingi, na ndani ya mabehewa ya mizigo mlikuwa na wanawake waliojifungua juzi. Watu wema wa mji walileta walichokuwa nacho, wengine bukari (ugali) na sombe (kisamvu), wengine maziwa ya unga katika mifuko ya plastiki isiyo na maandishi.

Palikuwa na mkunga mmoja mzee, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito, ambaye aliyapokea maziwa yale yote na hakuyagawa. Watu wakanung'unika. Yeye aliwashusha wazazi wale mmoja mmoja, akawakalisha kivulini chini ya mwembe wa kituo, akawapa maji ya kunywa na chakula, akawafukuza wanaume waliokuwa wakiwatazama, akawaambia wanyonyeshe. Na yule aliyesema maziwa yamekauka kwa hofu alikalishwa muda mrefu kuliko wengine, mtoto ziwani, mkunga akimkanda mgongo na kumzungumzisha habari za kwao. Aliyasogeza maziwa ya unga mara moja tu mbele ya macho yangu: kwa mtoto ambaye mamaye alikuwa amefariki njiani, naye alikuwa mikononi mwa bibi yake. Alichemsha maji mwenyewe, akapima, akamnywesha kwa kikombe na kijiko, kisha akamwonyesha bibi yule mara kwa mara mpaka aliporidhika. "Biberoni itawaua treni hii nzima," alisema, wala hakufafanua. Mwaka uliofuata, 1994, Mkutano wa Afya wa Dunia ulizitaka nchi zisimamie kwa uangalifu mkubwa maziwa ya msaada wakati wa maafa, yawafikie watoto wanaoyahitaji hasa, na yasiwe chambo cha biashara. Mkunga wetu hakuwa amesoma azimio la mtu. Alikuwa amezika watoto.

Sasa naishi Kolwezi, mji ambao kobalti imeufanya ujulikane duniani na ukwasi wake haujapata kuingia katika vikapu vya wanawake wengi. Bidhaa zetu nyingi huvuka mpaka wa Kasumbalesa zikitoka Zambia na Afrika Kusini. Afrika Kusini ina kanuni yake ya mwaka 2012, ijulikanayo kwa nambari R991, inayokataza matangazo na punguzo la maziwa ya watoto wachanga. Kenya ina sheria yake ya mwaka huohuo. Tanzania ilikwisha kutunga zake mwaka 1994. Lakini kopo likivuka mpaka huvua sheria ya huko lilikotoka. Nimeliona katika duka la kiyoyozi, limebandikwa karatasi nyekundu iliyoandikwa "promo", na bakuli la plastiki limefungwa ubavuni mwake kwa utepe. Msichana wa duka, nilipomwuliza nafuu hiyo itadumu mpaka lini, alinijibu kwa heshima, "Mpaka stoku iishe, papa." Jibu la kweli kabisa.

Na hilo ni duka la wenye nacho. Huko sokoni mambo ni mengine, na hapo ndipo ninapoona kwamba watungao sheria katika miji mikuu hawajapata kusimama mbele ya kibanda. Mama asiyeweza kununua kopo hununua maziwa ya kupima: mwenye kibanda hufungua mfuko mkubwa, mara nyingi si maziwa ya kichanga bali ni maziwa ya kawaida ya chai, akayachota kwa kijiko na kuyafunga katika vifuko vidogo vya plastiki, kila kifuko kwa bei ya mkate. Hapo hakuna maelekezo, hakuna tarehe, hakuna onyo kwamba hayamfai mtoto mchanga, wala hakuna picha ya kupiga marufuku. Unaweza kuandika ukurasa mzima juu ya maandishi ya kopo. Mama huyu hajapata kuliona kopo. Katika miaka yangu yote mbele na nyuma ya meza ya duka, sikupata kumwona mkaguzi aliyeuliza habari ya vifuko hivyo, ingawa waliouliza habari ya kodi ya kibanda sina hesabu yao.

Wala mama huyo si mjinga, kama wanavyopenda kusema watu wa semina. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 humpa mfanyakazi mwanamke majuma 14 ya likizo ya uzazi, na humpa anyonyeshaye mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Ni sheria nzuri, kwa mwenye mkataba. Anayeuza mkaa Lubudi, anayepepeta na kuosha mawe ya madini mtoni, anayekaa na beseni la ndizi kando ya barabara ya Fungurume, majuma yake 14 atapewa na nani? Hurudi kazini mtoto akiwa bado hajakaza shingo, humwacha kwa nkambo, yaani bibi yake, na kifuko cha unga, na nafuu ya bei humkuta akiwa amekwisha kushindwa na mengine. Kumpigia kelele yeye na kumwacha mwenye bohari ni kukosa insafu.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu, kwa vipande vya simu vilivyokatika mara kwa mara. Aliniuliza kama basi ni haki kwake kunyimwa alama. Nilimwambia rai yangu, naye ana hiari ya kuikataa: alama alizokwisha kuzikusanya kwa mikate yake ni fedha yake, na mama aliye na haja asizuiwe kuitumia, hapo nakubaliana na ile ripoti, bali kumpa alama mpya kwa kila kopo anunualo ni kuirudisha karatasi ya yule bwana wa koti jeupe kwa jina jingine, na ningeomba nchi yake isilikubali hilo. Kwake yeye, ambaye maji ya bomba lake ni salama na bei imeandikwa rafuni, tofauti hiyo ni ya pauni chache. Kwetu ilikuwa ni tofauti ya mtoto kupata kopo kwa siku tano au kwa majuma mawili.

Kwa serikali ya mkoa wa Lualaba ombi langu ni moja: wakaguzi wake waende sokoni kabla ya kwenda katika maduka ya kiyoyozi, na waanze na maziwa ya kupima. Nanyi wenye bohari wa Kolwezi, Fungurume na Lubudi, ambao wengi wenu mnanijua na baadhi yenu niliwafundisha kushika daftari, ondoeni bakuli na utepe. Na kama mnaweza kuyauza maziwa ya mtoto kwa bei ya chini, basi ishusheni leo na iwe hiyohiyo mwezi ujao na hata baada ya miezi sita. Kama hamwezi, msiishushe.